Shajara ya Mradi: Kalenda ya Huduma na Shughuli za Jamii katika Jiji la Tanga

Shajara hii inafuata kazi ya watu watano wa kujitolea waliojaribu, kuanzia Desemba 2024 hadi Juni 2025, kukusanya mahali pamoja matangazo yote ya huduma za umma na ya shughuli za wazi katika jiji la Tanga: kliniki za mkoba, mikutano ya mitaa, siku za usafi, makatizo ya maji, maulidi, uchangiaji wa damu na mengine ya namna hiyo. Naiandika mimi niliyepewa kazi ya kutunza kumbukumbu, na nimeacha makosa yetu yalivyokuwa, kwa kuwa atakayejaribu jambo hili katika mji mwingine atafaidika zaidi na palipotukwaza kuliko na palipotunyookea.

5 Desemba 2024

Tumeanza kwa hasara. Orodha ya wenyeviti wa mitaa tuliyoikusanya kwa miguu tangu Agosti imepoteza thamani kabla hatujaitumia hata mara moja, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba umeleta sura mpya katika mitaa mingi tuliyoipitia. Uchaguzi haukuja kwa kuvizia; tarehe yake ilijulikana, nasi tuliendelea kuandika majina na namba za simu kana kwamba viti hivyo ni vya urithi.

Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa tutaandika ofisi kabla ya mtu. Mwenyekiti huchaguliwa na huondoka, lakini mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata ni waajiriwa, na hata wakihamishwa, dawati lao hubaki na anayewarithi huikuta barua yetu kwenye jalada. Kwa hiyo kila kata kati ya kata 27 za jiji itakuwa na mstari mmoja wa ofisi ya mtendaji, na jina la mwenyekiti litakuwa nyongeza.

Niweke hapa pia sababu ya mradi, isije ikasahaulika. Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332, na ile ya 2022 ikahesabu 393,429; yaani katika miaka kumi jiji limeongeza watu zaidi ya 120,000. Habari, hata hivyo, bado inasafiri kama ilivyosafiri zamani: kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, tangazo baada ya sala ya Ijumaa, tangazo kabla ya baraka ya mwisho Jumapili, na mazungumzo ya barazani penye kahawa. Njia hizi ni nzuri na hatuna nia ya kuzibeza. Kasoro yake ni kwamba humfikia aliyepo. Mama lishe aliyeko stendi ya Kange tangu alfajiri na mvuvi anayerejea Deep Sea wakati gari la matangazo limeshapita mtaani kwake hawasikii kitu, na wanapopata habari huwa imeshakuwa hadithi ya jana.

18 Desemba 2024

Kikao cha kuamua nini kiingie na nini kisiingie kimechukua saa nne, na nakiri kwamba sikutarajia mabishano yawe makali hivyo.

Huduma za umma hazikuleta ubishi. Shughuli za jamii ndizo zilizotugawa. Mmoja wetu alitaka misiba itangazwe, kwa hoja kwamba hakuna jambo la jamii kubwa kuliko kuzikana. Hoja ina uzito, lakini msiba una wenyewe, na familia ndiyo inayoamua nani aambiwe na lini. Harusi vilevile. Tumekubaliana kwamba kalenda itabeba jambo ambalo mgeni asiyemjua mtu yeyote mjini anaweza kuliendea bila kualikwa. Kwa kipimo hicho maulidi ya msikiti yanaingia, tamasha la kwaya linaingia, mechi ya uwanja wa Mkwakwani inaingia, lakini hitima ya nyumbani haiingii. Mikutano ya vyama vya siasa tumeiacha nje yote bila kubagua, kwa sababu Oktoba 2025 ni uchaguzi mkuu na ubao wetu ukionekana kuegemea upande mmoja siku moja tu, hautaaminiwa tena hata ukitangaza chanjo.

Jambo la pili lilikuwa sheria. Tumesoma Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, na tumesoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ya kwanza imetufanya tusogeze tovuti mbele hadi tutakapopata jibu la maandishi kuhusu leseni. Ya pili imetuhusu moja kwa moja, maana tunakusudia kutunza namba za simu za watu watakaotaka kupokea ujumbe. Tutatunza namba na kata tu, bila jina wala umri, na anayetaka kujitoa ataondolewa siku hiyohiyo. Mwenzetu anayeandika programu alinung'unika kwamba bila majina hatutajua tunamhudumia nani. Nilimjibu kwamba ubao wa matangazo nao haujui nani ameusoma.

11 Januari 2025

Kwa kuwa tovuti inasubiri, tumeanza na mbao sita: soko la Mgandini, karibu na kituo cha afya cha Makorora, stendi ya Kange, soko la samaki la Deep Sea, Pongwe na Chumbageni. Ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi ya ubao, fremu ya mninga iliyobaki kwa fundi mmoja, na mlango mdogo wa wavu wenye kufuli. Kila pahala tumepeleka barua kwa mtendaji na kusubiri muhuri. Barua tano zilijibiwa ndani ya siku kumi. Ya sita ilitakiwa iandikwe upya mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya anwani, mara ya pili kwa sababu anwani ile iliyorekebishwa haikuwa na nakala kwa ofisi nyingine.

Ubao si jambo geni katika mji huu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na hapo ndipo lilipotoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililosomwa mbali na pwani hii. Nimelitaja kikaoni kwa sababu wenzangu walianza kuzungumza kana kwamba sisi ndio wa kwanza kufikiri kwamba watu wa Tanga wapewe habari kwa maandishi. Tofauti ni kwamba gazeti lile lilikuwa la serikali likizungumza na watu, na sisi tunataka ubao ambao mtendaji, mwalimu wa madrasa na katibu wa kwaya wote wanaweza kuutumia kwa masharti yaleyale.

Tatizo dogo la Ngamiani limejitokeza leo asubuhi wakati wa kujaribu kuandika tangazo la kwanza. Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba. Tangazo lilitakiwa lisomeke kwamba kuna kikao tarehe 9, saa 9, barabara ya 9. Muuza maji aliyesimama kututazama aliuliza kama ni mchezo wa bahati nasibu. Tumeamua barabara iandikwe kwa maneno, "barabara ya tisa", na namba zibaki kwa tarehe na saa.

25 Januari 2025

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa mazingira. Hili ndilo tangazo letu la kwanza kwenye mbao zote sita. Hakuna wa kujisifia hapa, kwa kuwa siku hiyo inajulikana nchi nzima na watu wangejitokeza hata bila sisi. Kitu pekee tulichoongeza ni kuandika mahali pa kukutania kwa kila kata na mahali pa kuchukulia reki na toroli. Pongwe wametuambia kwamba hilo la toroli ndilo lililowasaidia.

8 Februari 2025

Naandika ukurasa huu kwa aibu.

Jumatano iliyopita kulikuwa na kliniki ya mkoba katika kata moja ya pembezoni: kupima watoto uzito, chanjo zilizopitwa, na ushauri kwa wajawazito. Ofisi iliyohusika ilituletea taarifa sahihi, kwa maandishi, siku tano kabla: saa 8:00 mchana. Mwenzetu aliyeingiza taarifa kwenye programu aliandika 08:00. Programu hutunza saa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo iliichukua kuwa asubuhi, na ilipobadilisha kwenda saa za Kiswahili kwa ajili ya ujumbe wa simu, ikatoa saa 2:00 asubuhi bila kusita. Ujumbe ukaenda. Akina mama walifika saa mbili asubuhi, wengine na watoto wawili mgongoni na mkononi, wakakaa chini ya mwembe hadi saa nane mchana wauguzi walipofika kwa wakati wao uleule waliouahidi. Saa sita nzima, jua la Februari. Wengine walikata tamaa wakaondoka kabla ya huduma kuanza.

Tulikwenda Alhamisi kuomba radhi kwa mtendaji na kwa mwenyekiti. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwepo alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, saa nane ni saa nane. Nani aliwaambia ni saa mbili?" Hatukuwa na jibu la heshima la kumpa, maana jibu la kweli ni kwamba tuliambiwa na mashine tuliyoilisha vibaya.

Kosa hili lina mizizi, na inafaa niieleze kwa urefu. Kiswahili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Simu na kompyuta zote zinazouzwa mjini huhesabu tangu usiku wa manane. Kila mtu wa Tanga hufanya hesabu hiyo kichwani bila kujua kwamba anaifanya; anasoma 14:00 kwenye simu na kinywa chake kinasema saa nane. Hatari iko pale ambapo mtu anachukua tarakimu kutoka kwenye karatasi ya Kiswahili na kuiweka kwenye kisanduku cha mashine, kwa sababu pale akili haina haja ya kutamka, na kisichotamkwa hakitafsiriwi.

Suluhisho la kwanza lililopendekezwa, la kuwaelimisha waingizaji taarifa wawe waangalifu, nimelikataa. Uangalifu hupungua kadiri siku inavyokwenda. Badala yake fomu imebadilishwa. Haikubali tena tarakimu nne za saa. Inauliza saa kwa Kiswahili, kuanzia moja hadi kumi na mbili, kisha inalazimisha kuchagua sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Ukiandika saa nane ukachagua asubuhi, fomu inakataa na kukuuliza unakusudia nini. Saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili, ambazo huweza kuwa za alfajiri au za jioni, zimewekewa swali la pili. Hatimaye, kabla ya ujumbe kutoka, programu huonyesha sentensi nzima kwa maneno, na mtu wa pili, asiye yule aliyeingiza, husoma kwa sauti. Kusoma kwa sauti ndiko ninakokuamini kuliko yote yaliyotangulia.

Tumeongeza pia nafasi ya kuandika wakati kwa sala, kwa kuwa taarifa nyingi za mji huu huletwa hivyo: baada ya adhuhuri, baada ya isha. Mwenzetu wa programu aliogopa kwamba nyakati hizo hubadilika. Hubadilika, lakini Tanga ipo kiasi cha nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na machweo hapa hayatofautiani zaidi ya kama nusu saa katika mwaka mzima. Anayeambiwa "baada ya magharibi" hachelewi.

20 Februari 2025

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura umepita mkoani kwetu mwezi huu, kwa siku saba, vituo vikifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Fomu mpya imefanya kazi. Maswali mengi yaliyoletwa mbaoni hayakuhusu tarehe wala saa, bali kama mtu aliyehama kutoka kata moja hadi nyingine anatakiwa kujiandikisha upya au kuhamisha taarifa zake. Tumewaelekeza kwenye vituo. Sisi ni kalenda, na majibu ya sheria ya uchaguzi yana wenye dhamana nayo.

6 Machi 2025

Ramadhani. Mwanzo wake tuliuandika kwa tarehe mbili, 1 au 2 Machi, na mwisho wake vilevile tumeuandika kwa tarehe mbili, kwa maelezo kwamba unategemea kuandama kwa mwezi. Programu haikupenda, kwa kuwa ilijengwa kwa imani kwamba kila shughuli ina tarehe moja. Imebidi ibadilishwe. Napenda mabadiliko haya, kwa sababu kalenda inayojifanya kujua mwezi utaandama lini ingechekwa kila baraza.

Lakini la mwezi lilikuwa jepesi. Lililotuumiza kichwa ni "usiku wa Ijumaa". Msikiti mmoja uliomba tuweke darasa la wazi la kila usiku wa Ijumaa. Mwenzetu aliyekulia bara aliandika Ijumaa, saa mbili usiku. Mimi niliyekulia Makorora nilijua bila kufikiri kwamba ni Alhamisi usiku, kwa kuwa kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Tulibishana, kila mmoja akiona mwenzake haelewi Kiswahili, na ukweli ni kwamba wote wawili tulikuwa sahihi kwa jamaa zetu. Tanga imejaa watu wa aina zote mbili: wenyeji wa Mwambao, na waliokuja na mkonge, reli, bandari na viwanda wakabaki, licha ya ule msemo kwamba waja leo huondoka leo.

Sasa usiku wowote huandikwa kwa pande mbili: "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa". Ni maneno manne badala ya matatu. Hayajaleta ugomvi.

Huduma za mchana zimepungua mahudhurio mwezi huu, na ofisi mbili zimetuomba tusogeze matangazo ya mikutano ya mitaa yawe asubuhi mapema. Tumefanya hivyo.

12 Aprili 2025

Masika yameingia na chaki haipatani na masika. Ubao wa Deep Sea umefutika mara tatu kwa wiki. Fundi ameuwekea kila ubao paa dogo la bati lililoinama mbele, na tumeacha kuandika kwenye robo ya chini ya ubao, panaporukiwa na maji ya barabarani.

Gharama ya ujumbe wa simu ilipanda ghafla mwishoni mwa Machi na hatukujua kwa nini, kwa kuwa idadi ya waliojiandikisha ilikuwa ileile. Mwenzetu wa programu alikaa siku mbili akichambua na akaja na jibu ambalo sikuliamini mpaka nilipoonyeshwa. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 za kawaida. Ikiingia humo alama moja tu isiyo ya kawaida, ujumbe mzima hugeuzwa kuwa wa aina nyingine unaobeba herufi 70, na ukizidi hapo hugawanywa na kila kipande hulipiwa. Alama iliyotuponza ilikuwa kile kipindo cha juu katika neno ng'ombe. Tangazo la chanjo ya mifugo lilikuwa limenakiliwa kutoka kwenye barua iliyochapwa kwa kompyuta, na kompyuta ile huukunja ukato huo uwe kama koma ndogo iliyopinda badala ya kuuacha umenyooka. Kwa kijimstari hicho kilichopinda, tangazo la herufi 150 likawa jumbe tatu. Tumelipia ng'ombe mara tatu.

Programu sasa hunyoosha alama hiyo yenyewe kabla ya kutuma. Nimeombwa kuandika hapa kwamba lilikuwa kosa la programu na si la aliyenakili, nami naandika hivyo.

Jambo la 26 Aprili tumelitolea tangazo mapema: Jumamosi ya mwisho wa mwezi imeangukia Sikukuu ya Muungano, na watu wanauliza kama usafi upo. Kila kata imeulizwa peke yake, na majibu yataandikwa kwenye ubao wa kila pahala.

3 Mei 2025

Maji. Hakuna tangazo linaloulizwa zaidi ya hili, na hakuna lililo gumu kuliandika vizuri.

Maji ya jiji hutoka mto Zigi, hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kusafishwa katika mtambo wa Mowe kabla ya kuingia mjini. Mvua zikiwa kubwa milimani, mto hushuka na tope, na kazi ya kusafisha huwa nzito. Mamlaka ya maji ya Tanga ndiyo iliyouza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili kupanua huduma yake, na wakazi wanaifuatilia kwa shauku. Wengine huja ubaoni kuuliza lini bomba litafika kwao, kana kwamba sisi ndio tuliochukua fedha.

Ugumu wetu ni wa jiografia. Maji hufuata bomba, na bomba halijui mpaka wa mtaa. Mstari mmoja wa bomba unaweza kupita katikati ya mtaa ukauacha upande wa mashariki na maji na upande wa magharibi bila maji, na taarifa ya katizo huandikwa kwa majina ya maeneo kama mafundi wanavyoyajua kazini. Sisi tuliwasajili watu kwa kata. Matokeo yake wiki iliyopita kuna waliojaza maji kila chombo cha nyumba kwa ajili ya katizo lisilowahusu, na wapo waliooga kwa amani wakaachwa na sabuni machoni.

Tumejaribu kuchora ramani ya mistari kwa kuwauliza wakazi wenyewe nani hukosa maji pamoja na nani. Hii imekuwa kazi ya kupendeza kuliko zote za mradi. Watu hawajui bomba lao linaanzia wapi, lakini wanamjua jirani ambaye maji yake yakikatika na yao yamekatika. Kwa kufuata ujirani huo wa maji, Nguvumali na Majengo tumeshapata makundi yanayoelekea kuwa ya kweli, na tunayachora juu ya nakala yetu ya OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, kwa ajili yetu wenyewe bila kuyatangaza, kwa kuwa yatahitaji kulinganishwa na michoro ya wenye bomba. Barua imepelekwa. Fundi aliyeipokea alicheka kwa wema na kusema kwamba njia yetu ni ya kizee lakini haijakosea sana.

24 Mei 2025

Wiki hii tulikaribia kufanya kosa ambalo lingeua mradi.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, kwa hiyo vikundi vingi vina hamu na vina hofu ya kupitwa. Jumatatu ilizagaa picha ya tangazo kwenye simu za watu, yenye nembo na lugha ya kiofisi, ikisema kwamba mwisho wa maombi ni Ijumaa na kwamba kila kikundi kilipie ada ya fomu kwa namba ya simu iliyoandikwa chini. Watu kumi na zaidi walituletea siku moja, kila mmoja akitusihi tuiweke ubaoni ili wengine wasikose. Mmoja wetu alikuwa ameshaiandika kwenye ubao wa Mgandini, mistari mitatu ya mwanzo, alipofika kwenye ada akasita.

Alisita kwa sababu moja tu: malipo ya serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa kwenye mfumo, na hapa palikuwa na namba ya simu ya mtu. Alipiga simu kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata, na pale wakamwambia kwamba hawalijui tangazo hilo na kwamba fomu haina ada. Alifuta. Lakini mistari mitatu ilikuwa imekaa ubaoni kwa takriban robo saa, sokoni, saa nne asubuhi, na hatujui nani aliisoma.

Tulikutana jioni hiyohiyo. Ilibainika kwamba kwa miezi mitano tumekuwa tukisema kwamba tunathibitisha kila tangazo, na kwamba kila mmoja wetu alikuwa na maana yake ya kuthibitisha. Kwa mmoja ilikuwa kuona barua. Kwa mwingine ilikuwa kusikia kwa mtu anayemwamini. Kwa wa tatu, na huyo ni mimi, ilikuwa kuona kwamba tangazo lina sura ya kweli. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema wazee, lakini walisema hivyo wakati mpiga mbiu alijulikana na nyumba yake ilijulikana.

Tangu leo, mstari wa mwisho wa kila tangazo, ubaoni na kwenye simu, utataja ofisi iliyolitoa, cheo cha aliyethibitisha, na tarehe ya kuthibitisha. Kwa mfano: "Imethibitishwa na mtendaji wa kata, 22 Mei." Lisilo na mstari huo haliandikwi, hata likiletwa na diwani, hata likiletwa na mama yangu. Na jambo la pili, ambalo lilipita kwa kura tatu kwa mbili: tukigundua tangazo la uongo, tutaliandika ubaoni kwa wiki nzima chini ya kichwa "Si kweli", kwa maelezo ya kasoro yake. Waliopinga waliona tutageuka polisi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga, na bado sina hakika, ila nakiri kwamba ubao wa Mgandini haujawahi kusomwa kama ulivyosomwa juzi na jana.

14 Juni 2025

Siku ya Uchangiaji Damu Duniani. Tangazo liliandikwa siku tisa kabla, saa zikasomwa kwa sauti, mstari wa uthibitisho ukawekwa. Watu walijitokeza, wakiwemo waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja waliokuja pamoja na kofia zao. Mmoja wao alirudishwa kwa sababu ya uzito mdogo, na wenzake hawajamwachia hadi sasa.

28 Juni 2025

Jumamosi ya usafi, na siku ya mwisho ya kipindi cha majaribio.

Hali ilivyo: mbao tano kati ya sita zinatumika kila wiki. Ule wa Kange umegongwa na basi lililokuwa likirudi nyuma, na fundi anasubiri mbao. Leseni ya tovuti bado iko kwenye barua. Ramani ya maji imefika kata mbili. Mfumo wa saa haujakosea tangu Februari.

Lililobadilika bila kupangwa ni funguo. Makorora, mtendaji alituomba ufunguo wa ubao mwezi uliopita kwa sababu sisi tulichelewa kufika na yeye alikuwa na tangazo la dharura. Hajaurudisha, nasi hatujaudai. Leo asubuhi tulipopita na reki zetu tulikuta ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni ulionyooka kuliko wetu: kliniki ya mkoba, Jumatano, saa 8:00 mchana, baada ya adhuhuri, barabara ya kumi na tano, na chini yake cheo chake na tarehe. Kisanduku cha chaki kilikuwa kimewekwa juu ya fremu, ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isikifikie.